Usingizi katika Nisi Dominus ya Vivaldi: ni msiba au ni bembelezo?

Swali limetoka kwa mwalimu wa kwaya mkoani Morogoro. Kigango chao kinafungua kanisa jipya, na padre ameomba Zaburi ya 127 ipewe nafasi siku hiyo. Dada mmoja anayeimba sauti ya pili amependekeza Nisi Dominus ya Antonio Vivaldi, ambayo ni zaburi hiyohiyo kwa Kilatini, akamrushia mwalimu kipande cha nne, Cum dederit, kwenye simu. Mwalimu anaandika: "Nilipokisikia nilidhani ni wimbo wa mazishi. Nikatafuta maneno, nikakuta Mungu anampa mpenzi wake usingizi, na watoto ni urithi. Sasa kilio kinatoka wapi? Vivaldi alikosea, au sisi ndio hatusikii sawasawa? Na kwa fidla nne na kinanda cha umeme tulichonacho, tutaweza?"

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu.

Masikio yako hayana kasoro. Tatizo ni kwamba umeingizwa nyumbani kwa mlango wa chumba cha kulala. Cum dederit ndicho kipande kinachosambazwa zaidi kuliko vyote katika kazi hii, mara nyingi kikiwa peke yake, na mara nyingi kikiwa kimepunguzwa mwendo mpaka kikawa mzigo. Mtu akikipokea hivyo, kwenye simu, bila kilichotangulia, lazima aone jeneza. Nakuomba ukae na dada huyo msikilize kuanzia mwanzo, Zaburi ikiwa wazi mkononi. Kazi nzima haizidi dakika 20 na ushee.

Kabla hamjatafuta nota, angalizo moja. Kazi za Vivaldi hutambulishwa kwa herufi RV na namba, kutokana na orodha ya mtaalamu wa Denmark, Peter Ryom. Mnayoitaka ni RV 608: mwimbaji mmoja wa alto (sauti ya pili), nyuzi na kinanda, sehemu tisa, ufunguo wake ni G maina. Ipo Nisi Dominus nyingine yake, RV 803, ambayo kwa miaka mingi ilikaa Dresden ikiwa na jina la mtunzi mwingine, Galuppi, hadi ilipotambuliwa mwaka 2003. Hiyo ni ya waimbaji watatu na ina ala ambazo hata huko Ulaya watu huhangaika kuzipata. Mkichapisha hiyo kwa bahati mbaya, mtapoteza karatasi na wiki nzima.

Sasa maneno. "Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure." Hakuna Mkristo wa kwetu asiyeujua mstari huu. Tumeuona juu ya milango, umesomwa kwenye harusi na kila nyumba mpya inapobarikiwa. Kwa kuwa tunausikia kwenye sherehe, tumezoea kuusikia kwa utulivu. Vivaldi hakuusikia hivyo. Sehemu ya kwanza inaondoka kwa nguvu, nyuzi zikikimbia kama watu walio kwenye eneo la ujenzi kweli: mmoja anabeba, mwingine anaita, kelele tupu. Na yote hiyo ni G maina, ufunguo uleule wa kipande kilichokutisha. Hilo peke yake likufungue macho. Sisi wa kwaya tumefundishwa kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni, na ukifundisha watoto ni njia rahisi ya kuanzia, lakini ukiingia kwenye muziki wa Venice wa karne ya 18 na kipimo hicho kimoja utapotea kona ya kwanza.

Sehemu ya pili, nyuzi za juu zote zinanyamaza. Anabaki mwimbaji na besi tu, kwenye maneno "Vanum est vobis ante lucem surgere", ni bure ninyi kuamka kabla ya mapambazuko. Nyumba imebaki tupu, mtu mmoja ameamka saa tisa usiku na hana wa kuzungumza naye. Ya tatu inalipuka: "Surgite!", inukeni! Sauti na nyuzi zinapanda mbio. Kisha ghafla mwendo unakatika, kila kitu kinazama polepole, na maneno yaliyofikiwa ni "panem doloris", mkate wa uchungu. Biblia yetu inasema chakula cha taabu. Hapo nota zinasogea kwa nusu hatua, nusu hatua, kama mtu anayemeza tonge kavu. Kipande chenyewe ni kifupi mno, lakini ukikiruka umeua kinachofuata.

Maana kinachofuata ni usingizi.

Msikilize pale panapounganika. Umetoka kwenye ujenzi wa bure, ukakesha bure, ukaamka gizani, ukala chakula cha taabu. Ndipo nyuzi zinaingia zikiwa zimezibwa sauti. Kwenye nota utaona imeandikwa con sordini. Maana yake mpiga fidla anachomeka kibanio kidogo juu ya kile kidaraja kinachobeba nyuzi, na sauti inapoteza ukali wake, inabaki na pumzi. Mapigo ni 12/8: matatu matatu, mara nne, na katika kila matatu kuna kule kuvuta na kuachia kunakofanya mwili utake kuyumba. Besi haina haraka kabisa. Inakaa chini kwenye nota ileile muda mrefu kabla ya kuhama.

Mwitaliano wa wakati ule aliposikia mapigo hayo juu ya besi iliyotulia hakufikiria mazishi. Yalikuwa mapigo ya wachungaji. Waliyaita siciliana, na ndugu yake ni pastorale, muziki wa usiku wa Noeli, wa hori na mtoto mchanga. Arcangelo Corelli, aliyemtangulia Vivaldi kidogo, alimalizia konserto yake maarufu ya Noeli, kazi ya ala tupu, kwa 12/8 hiyohiyo. Hata ile besi isiyohama ina asili yake: wachungaji wa kusini mwa Italia wanapuliza zumari za mfuko wa ngozi ambazo bomba moja hulia sauti moja mfululizo wakati lingine linacheza wimbo. Kwa hiyo anayeimba Cum dederit amesimama kando ya kitanda cha mtoto, taa imeshushwa. Ni bembelezo.

Kwa nini basi lina huzuni? Hapa ndipo ninapokubaliana na wewe nusu. Kwanza, fikiria nyimbo ambazo bibi zetu walitubembelezea. Ni ngapi kati yake zilikuwa za furaha? Za kwetu nyumbani nyingi zilisimulia mama aliyekwenda kuteka maji akachelewa, fisi, njaa, baba aliye mbali. Mtoto haelewi maneno, anaelewa kifua kinachotetemeka. Mama ndiye anayepata nafasi ya kusema yaliyomsibu mchana kutwa. Bembelezo la huzuni si jambo geni kwetu hata kidogo.

Pili, maneno yenyewe kwa Kilatini hayajakatwa mahali tunapoyakata sisi. Katika Biblia yetu mstari wa pili unaishia kwenye usingizi, ukamalizika. Mstari wa tatu unaanza upya: "Tazama, wana ndio urithi wa Bwana." Hayo ni mawazo mawili. Biblia ya Kilatini aliyoisali Vivaldi inayashona yawe sentensi moja: "Cum dederit dilectis suis somnum, ecce haereditas Domini, filii", atakapokuwa amewapa wapenzi wake usingizi, tazama, urithi wa Bwana, wana. Usingizi unakuwa mlango, na urithi uko upande wa pili wa mlango. Mababa wa Kanisa waliuliza: ni usingizi gani huo ambao ukishalala unarithi? Augustino wa Hippo, Mwafrika wa pwani ya Algeria ya leo, akifafanua zaburi hii alijibu waziwazi kwamba ni kifo cha watakatifu, na urithi ni ufufuko. Vivaldi alikuwa padre. Alipadirishwa mwaka 1703, na hata alipoacha kuadhimisha misa kwa sababu ya kifua kilichombana maisha yake yote, zaburi hii aliendelea kukutana nayo katika sala za Kanisa, kwenye masifu ya jioni ya sikukuu za Bikira Maria.

Kwa hiyo uliposema umesikia mazishi, ulisikia kitu kilichomo. Ila kimelala chini ya bembelezo, hakijalifunika. Sikiliza neno "somnum". Mwimbaji analishika kwa nota ndefu, na wimbo unapanda kwa zile nusu hatua. Ni zilezile nusu hatua tulizozisikia dakika moja iliyopita kwenye mkate wa uchungu! Pale zilikuwa nzito, zikikwama kooni. Hapa zinapanda taratibu juu ya mapigo yanayobembea, na uchungu umeyeyuka ndani ya usingizi. Ni kama uso wa mtoto aliyelala huku machozi hayajakauka. Mimi naamini jambo hili ni la makusudi, na ndiyo sababu nasisitiza: msiimbe kipande cha nne bila cha tatu. Dakika moja na nusu tu, lakini ndiyo inayompa usingizi kitu cha kuponya.

Ngoja nikupe historia kidogo, maana dada huyo akiijua ataimba tofauti.

Mwaka uleule wa upadirisho, 1703, Vivaldi aliajiriwa kufundisha fidla katika Ospedale della Pietà, Venice. Jina linasema hospitali, lakini ilikuwa nyumba ya kulea watoto waliotupwa. Kwenye ukuta kulikuwa na kitundu maalumu: unamweka mtoto, unaondoka. Wavulana walifundishwa kazi za mikono wakaondoka ujanani. Wasichana wengi walibaki, na wenye vipaji waliingia kwaya na okestra, wakiimba nyuma ya nondo za roshani huku wageni kutoka Ulaya nzima wakilipia viti chini. Mwalimu mkuu wa kwaya, Francesco Gasparini, alipoondoka mwaka 1713, kazi ya kutunga muziki wa kanisa ilimwangukia mwalimu wa fidla. Mwezi Juni 1715 wakuu wa nyumba ile walimlipa dukati (fedha ya Venice) 50 za ziada kwa misa nzima, masifu ya jioni, oratorio (simulizi takatifu la kuimbwa) na moteti, yaani nyimbo za kanisa za Kilatini, zaidi ya 30. RV 608 huwekwa kwenye miaka hiyo.

Sasa rudi kwenye sentensi ile: "filii, merces, fructus ventris", watoto, thawabu, uzao wa tumbo. Weka maneno hayo kinywani mwa msichana ambaye hakumjua aliyemzaa.

Na kuna jingine ambalo silioni likitajwa sana. Mstari wa nne, unaolinganisha wana na mishale mkononi mwa shujaa, kwetu unasema "wana wa ujanani". Kilatini kinasema "filii excussorum", wana wa waliokung'utwa, waliotupwa nje. Tofauti ilianzia kwa wafasiri wa Kigiriki wa kale: kwa Kiebrania neno la ujana na neno la kukung'uta huandikwa kwa herufi zilezile, wao wakachukua la pili, na Kilatini kikafuata. Sidai Vivaldi alikaa akalitafakari. Muziki wa mstari ule ni wa mishale, mbio tupu, nyuzi na sauti zikifyatuka. Lakini kila nikifika hapo nawaona wale mabinti nyuma ya nondo, wakitamka "excussorum" mbele ya mabwana waliovaa hariri.

Vivaldi alifariki Vienna mwaka 1741, na nyaraka zake zikatoweka machoni mwa watu. Mwaka 1926 Wasalesiani, hawahawa wa Don Bosco tunaowafahamu, walikuwa na chuo chao Borgo San Martino, kaskazini mwa Italia, na walihitaji fedha. Walipeleka maktaba ya Taifa ya Torino makabrasha ya nota za zamani yakadiriwe bei. Profesa Alberto Gentili alipoyafungua akakuta mwandiko wa Vivaldi, buku kwa buku. Maktaba haikuwa na hela. Akapatikana dalali wa hisa aitwaye Roberto Foà, aliyefiwa na mtoto wake mchanga, Mauro. Alinunua buku zote akaipa maktaba kwa kumbukumbu ya mwanawe. Kisha ikagundulika kuwa hiyo ni nusu tu ya mkusanyo, nusu nyingine iko Genova kwa ukoo mmoja wa kitajiri. Mwaka 1930 ikanunuliwa na mwenye kiwanda cha nguo, Filippo Giordano, naye pia akiwa amefiwa na mwanawe mdogo, Renzo. Mpaka leo makusanyo hayo yanaitwa Mauro Foà na Renzo Giordano. Nisi Dominus imetufikia kupitia hapo. Wababa wawili waliowalaza watoto wao bila kuwaamsha tena ndio waliotulipia zaburi inayosema watoto ni urithi. Mwambie dada, halafu msiseme chochote, aimbe.

Basi tufike kwenye utendaji, ndiko ulikotaka kunisikia.

Mwendo kwanza. Kipande cha nne kimeandikwa Andante, na andante ni kutembea. Wengi wanaburuta kwa sababu kinapendeza kikiburutwa, na mwimbaji mwenye pumzi ndefu hupenda kuonyesha. Msiburute. Nina kipimo ninachowapa wanafunzi wangu: chukua mto wa kitandani, ubebe kama mtoto begani, utembee nao sebuleni ukimbembeleza. Hatua nne ni kipimo kimoja cha 12/8. Mwendo huo ambao usingemwamsha mtoto wala usingekufanya usinzie wewe, ndio mwendo wake. Dada atembee hivyo huku akiimba, kabla hajasimama mbele ya watu. Utashangaa jinsi mazishi yatakavyoondoka yenyewe.

Matamshi. Hapa sisi Waswahili tumependelewa: irabu tano za Kilatini cha kanisa ni zetu kabisa. Mzungu wa Uingereza anahangaika miezi kuisafisha "o" ya "somnum". Dada yako anayo tangu utotoni. Tunapokwama ni mwisho wa maneno. Ulimi wetu hautaki neno liishie na konsonanti, kwa hiyo "dederit" inakuwa dederiti, na "somnum" nimeisikia ikiwa somunumu, silabi nne! Mfundishe afunge midomo kwenye "m" ya mwisho na kuiacha ivume kidogo, kama mtu anayeguna kwa kuridhika. "Ecce" ni eche. Herufi "h" ya "haereditas" haitamkwi.

Najua utaniuliza kama mnaweza kuimba kwa Kiswahili. Jaribuni chumbani, lakini nisingeshauri hadharani. "Som-" ni silabi moja yenye irabu pana inayobeba nota ndefu. "Usingizi" ina silabi nne, mkazo uko kwenye "ngi", na ukiishikilia "ngi" kwa pumzi nzima utasikia mbu, hutasikia usingizi. Afadhali msomaji mwenye sauti nzuri asome Zaburi ya 127 yote kwa Kiswahili, polepole, kisha muziki uanze bila tangazo. Kumbuka tu kwamba kwenye vitabu vya zamani vya Kilatini zaburi hii ni ya 126, usije ukadhani mmechapisha nyingine.

Wapigaji. Fidla nne zinatosha, mbili sauti ya kwanza, moja ya pili, na ya nne ipige sehemu ya viola, ndugu wa fidla mwenye sauti ya chini zaidi. Fidla haiwezi kushuka chini ya G, na viola inashuka hadi C, kwa hiyo nota chache zitakuwa chini ya uwezo wake. Hizo zipandishwe oktava moja au mkono wa kulia wa kinanda uzichukue. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni besi. Kazi hii inasimama juu yake, na ile sehemu ya pili ni besi na mwimbaji peke yao. Tafuteni selo, ile ala kubwa ya nyuzi inayopigwa mtu akiwa ameketi, kwa udi na uvumba. Ulizia shule za muziki Dar es Salaam, na usisahau Unguja: vikundi vya taarab vimekuwa na fidla, selo na besi kubwa tangu enzi za babu zetu, na mpigaji wa taarab anajua kumfuata mwimbaji kuliko wahitimu wengi ninaowajua.

Usikitegemee kinanda cha umeme peke yake. Niliwahi kuongoza kipande hikihiki mahali fulani, besi yote ikiwa kwenye mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Tulifika katikati ya "somnum", umeme ukakatika. Fidla zikabaki hewani kama nguo kwenye kamba iliyokatika upande mmoja, mwimbaji akanitazama, nami sikuwa na la kumpa. Tangu siku hiyo sipandi jukwaani bila selo au jenereta, na jenereta inanguruma. Kinanda mkiwekee sauti ya ogani ndogo, laini. Ile sauti yake ya kuigiza nyuzi msiiguse kabisa. Itawafanya vijana wako wanne wasikike kama wamekosea.

Gloria Patri, sehemu ya saba, ina ala yake maalumu: viola d'amore. Inafanana na fidla kubwa kidogo, lakini chini ya nyuzi zinazopigwa kwa upinde kuna nyuzi nyingine ambazo hakuna anayezigusa. Zinatetemeka zenyewe zinapoitikia zile za juu, na sauti inakuwa na mwangwi wa ndani. Hamtaipata, msihangaike. Mpe kijana wako bora wa fidla, apige bila kuongeza mbwembwe. Watu hushangaa kwamba Utukufu kwa Baba, ambao kwa kawaida ni shangwe na tarumbeta, hapa umefanywa kuwa mazungumzo ya watu wawili kwa sauti ya chini. Ninaipenda kuliko hata Cum dederit, ila hilo ni langu. Baada yake, kwenye "Sicut erat in principio", kama mwanzo na sasa na siku zote, muziki wa sehemu ya kwanza unarudi. Ni mzaha wa watunzi wa wakati ule, nao haujachuja.

Je, dada ataweza zote tisa? Sauti yenyewe haipandi juu sana, inazunguka katikati na chini, ndiyo maana inamfaa mwenye sauti ya pili halisi, siyo soprano aliyechoka. Ugumu uko kwenye mbio: mishale ya sehemu ya tano, na Amina ya mwisho ambayo ni nota nyingi kwa pumzi chache. Kama hamna miezi mitatu ya mazoezi, fanyeni ya kwanza hadi ya nne mfululizo, kisha Gloria Patri na Sicut erat, mkamalizie hapo. Katika misa yenyewe ningependekeza Surgite na Cum dederit tu, baada ya komunyo, kwa ruhusa ya paroko. Nyingine zingoje tamasha fupi la alasiri, watu wakishakula. Nota zilizokwisha haki zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Hakikisheni mmepakua karatasi za kila ala, msije mkawapa vijana nakala ya kiongozi wageuze kurasa kila dakika.

Na vibanio vya fidla kama havipatikani Morogoro, nunua vibanio vya mbao vya kuanikia nguo, vidogo. Kimoja kikibana kidaraja kwa upole kinaziba sauti vizuri kabisa. Nimevitumia mara nyingi. Ila kabla ya sehemu ya tano lazima vitolewe, kwa hiyo wape nafasi ya kutosha, na mwambie yule wa mwisho nyuma aweke chake mfukoni. Sakafu ya kanisa jipya ni ya vigae, na kikianguka pale mtoto ataamka.